Siku Simu Zilipokaa Kimya

Tarehe 28 asubuhi nilikuta ofisi ya TEHAMA ina utulivu nisiowahi kuuona. Simu ya mezani haiiti. Barua pepe hakuna hata moja. Nikaegemea kiti, nikajipongeza: kumbe mtandao ukitunzwa watu hawasumbui.

Saa tatu na robo mlango ukasukumwa. Mhasibu mkuu, mama asiyependa ngazi hata kidogo, alikuwa ameshuka ghorofa tatu kwa miguu. "Mwanangu, mishahara haiendi. Na simu yako haipatikani."

Ndipo nikakumbuka kwamba simu za mezani, barua pepe na mfumo wa kuripoti matatizo vyote vinapita mtandao uleule. Ukianguka, na habari za kuanguka kwake zinalala palepale. Kwa haraka nikafanya jambo nililoliona la busara: nikawaandikia wafanyakazi wote barua pepe kuwajulisha kuwa barua pepe haifanyi kazi.

Saa mbili nzima nilihangaika. Nikazima ruta, nikaiwasha. Nikamgombeza mtoa huduma ya intaneti kwa simu ya mkononi, naye akaniuliza kwa upole kama kompyuta yangu inaiona printa ya chumba kilekile. Haikuiona. Basi ugonjwa ulikuwa wa ndani, na ulikuwa ukinikonyeza muda wote: taa za swichi zote, vile visanduku vinavyounganisha kompyuta kwa kebo, zilimweta pamoja, mbiombio, bila kupumzika. Mtandao wenye afya taa zake humweta ovyo, kila mlango, yaani tundu la kebo, na wakati wake. Zikicheza ngoma moja, shuku kitanzi, yaani kebo iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Pakiti ya IP, kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni, ina hesabu inayopungua kila ipitapo kwenye ruta, ikiisha pakiti hutupwa. Fremu ya Ethernet, bahasha inayoibeba pakiti ndani ya mtandao wa ofisi, haina hesabu hiyo. Ikiwa ni ya kutangaziwa wote, huzunguka na kuzaana mpaka njia yote ijae.

Hapo unachomoa kebo za swichi kuu moja baada ya nyingine na kutazama taa. Nilipochomoa ya 14, zikatulia. Lebo yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ilisema "USIGUSE".

Kebo ile ilielekea uhasibu. Chini ya meza nikakuta swichi ndogo ya milango 8, ile isiyopangiwa chochote, unachomeka tu. Mtu mpenda usafi aliona ncha ya kebo inaning'inia, akaihurumia, akaipa tundu lililokuwa wazi. Nikaanza kufoka: nani kawaruhusu kuleta swichi?

Mama akafungua faili bila kunijibu. Ombi lake la sehemu mbili za kuchomeka kebo ya mtandao, la wiki sita nyuma, lilikuwa limechapishwa na kutobolewa matundu. Fomu yangu iliuliza namba ya VLAN, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi. Alijibu: "Sijui, nataka printa tu." Mfumo ukamdai maelezo zaidi, yeye yuko katikati ya kufunga hesabu za mwezi, siku 14 zikapita, ombi likajifunga lenyewe na kumtumia ujumbe: "Tatizo limetatuliwa. Tupe nyota."

"Niliwapa moja," akasema.

Kulikuwa na aibu nyingine ambayo faili lake halikuwa nayo. Spanning tree, itifaki inayonusa vitanzi na kuviziba, niliizima mwenyewe kwenye ghorofa ile. Kompyuta zao zilikuwa zikikosa anwani zinapowashwa, maana itifaki ya zamani husikiliza sekunde 15 na kujifunza 15 kabla ya kufungua mlango. Ilitakiwa niiache, niitambulishe milango ya watumiaji kuwa ya pembeni ili ifunguke papo hapo, kisha niweke ulinzi wa BPDU, ujumbe ambao itifaki hiyo hutuma, ulinzi unaozima mlango ukisikia sauti ya itifaki hiyo mahali palipostahili kompyuta tu. Na kwa kuwa baadhi ya swichi ndogo humeza ujumbe huo, unaongeza kikomo cha fremu za kutangaziwa wote kwa kila mlango. Kazi ya nusu saa. Nilikuwa nimeokoa nusu saa.

Siku hizi fomu ina maswali matatu: unataka kufanya nini, umekwama wapi, unahitaji lini. Ombi halifungwi mpaka mwenyewe aseme limeisha. Kalenda ya uhasibu iko ukutani kwangu, na kati ya tarehe 25 na 5 sibadilishi hata nywila ya printa. Namba za simu za mkononi za wakuu wa idara zimeandikwa kwenye karatasi, ile ya kushikika. Na kila Alhamisi nakaa uhasibu saa moja nikiwatazama wakifanya kazi, ambako niligundua kwamba ripoti moja wanaichapisha kisha wanaiskani ili tu iwe PDF.

Ile barua pepe yangu nayo ilifika. Ilikuwa imekwama kwenye foleni, na dakika chache baada ya kuchomoa kile kitanzi ikawamwagikia wafanyakazi wote kwa mpigo: barua pepe haifanyi kazi. Simu ya mezani ikaita palepale.

"Mwanangu," akasema mama, "mbona huku kwangu inafanya?"