Muulizeni kwanza habari za ng'ombe

Babu yangu alikuwa hahesabu ng'ombe. Jioni walipokuwa wakirudi kutoka malishoni alisimama kwenye lango la zizi, mkono mmoja ameushika mti wa lango, akawaacha wapite mbele yake. Wa mwisho akishaingia, alijua kama kundi limetimia. Aliyekosekana alimtaja kwa rangi: "Yule mwekundu mwenye paji jeupe hayupo." Siku moja nilimuuliza kwa nini asihesabu tu, yaishe. Akasema ng'ombe hahesabiwi, hesabu inaleta mkosi. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Mimi nimehesabiwa vya kutosha kule Uganda, asubuhi na jioni. Na mkipungua, unasikia namba imeshuka. Aliyepungua hatajwi."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akizungumzia vita bila kuulizwa.

Tulimzika mwaka jana, huku kwetu Mara. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alichojua ni kwamba alizaliwa mwaka ambao vijana wa kijijini walichukuliwa kwenda keya, jeshi la mkoloni, kupigana vita vya Hitila, kwa hiyo tukamwekea miaka 80 na ushee. Msibani, kila aliyeshika maiki alizungumzia vita vya Kagera, Tanzania ilipopigana na Uganda. Wasifu wa marehemu uliposomwa, nao ukawa hivyo hivyo: alizaliwa, akaoa, akaenda Kagera, akapata medali, akafariki. Mimi ndiye niliyeuandika wasifu ule, na mpaka leo unaniuma. Vitani babu hakutimiza hata mwaka. Ng'ombe alianza kuwachunga akiwa mtoto wa miaka 6 au 7, akaendelea mpaka wiki ile aliyolazwa.

Sisemi vita vile vilikuwa vidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, yakaua watu na kuswaga ng'ombe kwa maelfu kuwapeleka ng'ambo. Tarehe 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatangaza siku moja kabla: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Babu aliyasikia kwenye redio ya jirani. Alikuwa mgambo, ameshafundishwa kwata na shabaha, ana wake wawili na zizi linalojaa. Kilichomtia hasira, alisema, ni kusikia habari za ng'ombe. Watu waliporwa ng'ombe mchana kweupe, na aliyepora ni serikali. Kwa mfugaji wa Mara tusi hilo halihitaji kufafanuliwa.

Alipelekwa Mwanza, akapanda meli hadi Bukoba, na mapema mwaka uliofuata akaingia Uganda. Aliyekuwa akiwaongoza katika Divisheni ya 20 ni mtu wa mkoa wetu, David Musuguri wa Butiama, ambaye askari walimpa jina la Jenerali Mutukula baada ya kuuteka mji huo Januari 1979.

Halafu Lukaya. Kati ya Masaka na Kampala barabara inapita juu ya kinamasi, mafunjo kulia, mafunjo kushoto, hakuna pa kujificha. Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilipigwa makombora na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Ikavunjika. Watu wakakimbia kila mmoja na njia yake. Asubuhi brigedi ya 208 ikazunguka kutokea nyuma, adui akabanwa, na vita vikageuka. Vitabu husimulia zaidi ile asubuhi. Babu alinisimulia usiku.

"Tulikimbia," alisema. Hakuinamisha kichwa. Aliingia kwenye maji mpaka kifuani, bunduki ameiinua juu, na tope likamshika miguu. Akasema kilichomjia akilini ni ndama aliyewahi kumwona amenasa kwenye lambo wakati wa kiangazi. Ndama akinasa, akipapatika ndivyo anavyozidi kuzama; anayetulia ndiye anayetoka. Basi akatulia. Akachomoa mguu mmoja taratibu, akasubiri, akachomoa wa pili. Ndivyo alivyofika nchi kavu, na kulipopambazuka akarudishwa mstarini pamoja na wenzake.

Nimekaa na kisa hicho miaka mingi nikidhani ni kisa cha vita. Leo naona kwamba kilichomwokoa mzee huyu alijifunza lamboni akiwa mtoto, na sisi hatukuwahi kumuuliza habari za lambo.

Aliporudi, nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18. Huku kwetu mkanda ulifungwa miaka. Josho likakauka kwa kukosa dawa, ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ikaua ndama, na bibi alikuwa akikaa chini ya mti jioni nzima akiwang'oa kupe kwa vidole, mmoja mmoja. Ukaja na wizi wa mifugo wa aina mpya. Wizi wa ng'ombe ni wa zamani hapa, lakini zamani ulikuwa wa mikuki na mishale. Baada ya vita wezi walikuja na bunduki, na wengine walikuwa wamepitia mafunzo yale yale aliyopitia babu. Usiku mmoja walichukua karibu zizi zima. Alifuata nyayo siku mbili akarudi na ng'ombe wanne. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alisema hii aliiogopa kuliko Lukaya, kwa sababu safari hii aliyekuwa mbele yake huenda anamfahamu.

Alianza upya na mitamba miwili. Ilimchukua miaka kumi na zaidi kulijaza tena zizi. Alifanya hivyo bila kuuza shamba na bila kumwachisha mtoto yeyote shule, na sikumbuki hata mstari mmoja wa wasifu wangu uliotaja jambo hilo. Kama kuna ushujaa niliouona kwa macho yangu katika ukoo wetu, ni huo.

Medali yake tuliikuta baada ya msiba, ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda. Ilikuwa humo pamoja na risiti za mnadani, kadi ya josho na bomba la sindano la kuchanjia ndama. Wajomba walitaka itolewe iwekwe kwenye fremu peke yake. Mimi nilipinga. Kopo lile alilipanga mwenyewe, na mpangilio wake unasema alivyoyaona maisha yake.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunaona mkuki na ngao vikiwekwa mnarani, na upinde na mshale. Ni heshima inayostahili, nami huitazama nikiwa nimesimama. Lakini tuviangalie vyombo vile: ndivyo alivyoshika mchungaji yeyote wa zamani aendapo malishoni. Shujaa alitoka zizini na alirudi zizini. Tukimkumbuka kwa ile miezi michache tu, tunamkata vipande, na kipande kirefu kuliko vyote tunakitupa.

Jenerali Musuguri naye alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Aliingia keya mwaka 1942, alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, na alipostaafu alirudi Butiama. Habari zake zimeandikwa, na inafaa. Mgambo waliomfuata hadi Kampala hawakuandikwa. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati ule sasa wamepita 65, na wengi wako vijijini, wamekaa kwenye vigoda nje ya mazizi. Simu zetu zote zina kinasa sauti. Nawaomba wajukuu: nendeni mwezi huu, msingoje Julai, na msianze na swali la umeua wangapi.

Mimi nimeanza na jirani yake babu, waliyekwenda naye na kurudi naye. Nilimwamkia, nikakaa, nikauliza ng'ombe wake wa kwanza alimpata wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo hilo kwa mara ya kwanza. Akaanza na mama yake, akaja kwenye mbuzi sita waliobadilishwa kwa mtamba mweusi, akaeleza ugonjwa uliomuua mtamba yule na majani aliyonyweshwa. Tumekutana mara tatu sasa, kila mara tunakatizwa na ng'ombe wanaorudi. Kagera bado hatujafika.