Kitambi, Wahadzabe na bajeti ya mwili

Alfajiri za mwisho wa wiki, Daraja la Tanzanite na Coco Beach jijini Dar es Salaam hujaa wakimbiaji, na wengi wana nia moja: kutoa kitambi. Waambie kwamba Herman Pontzer, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, anasema kukimbia pekee hakupunguzi uzito sana, utajibiwa ama "anatupotosha" ama "basi tulale". Majibu yote mawili yanamwonea.

Ushahidi wake ulianzia hapa kwetu, karibu na Ziwa Eyasi. Yeye na wenzake waliwanywesha Wahadzabe 30, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, maji yaliyotiwa alama, kisha wakapima mkojo ili kujua kalori wanazochoma. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo ya mwaka 2012 yalishangaza: ukizingatia ukubwa wa mwili, walichoma sawa na Mmarekani anayeshinda kitini.

Maelezo yake ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi miguuni hubana kwingine, kama mama anavyobana hela ya matumizi ada ya shule ikifika. Na panapobanwa, kwa maoni yake, ni pamoja na uvimbe wa ndani kwa ndani na homoni za msongo, vitu vinavyoumiza moyo. Kwa hiyo mazoezi ni dawa kwelikweli, ila kitambi kinaamuliwa zaidi na sahani.

Wapinzani wana hoja nzito. Watu 30 ni wachache. Uchambuzi wa mwaka 2021 wa watu wazima 1,754, Pontzer akiwa miongoni mwa waandishi, ulionyesha kwamba mwili hufidia wastani wa asilimia 28 tu. Katika kila kalori 100 za ziada, 72 zinaungua kweli. Nakubali. Lakini andazi moja na chai ya sukari huzirudisha zote kabla jasho halijakauka.

Kinachonisikitisha ni kwamba ubishi wa kitambi umefunika kazi yake nyingine. Mwaka 2019 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji waliovuka Marekani kwa miezi kadhaa, karibu marathoni moja kila siku. Muda unavyorefuka, mwili hauvuki takriban mara 2.5 ya nishati unayotumia ukiwa umepumzika. Na ujauzito? Mara 2.2 hivi, kwa miezi tisa.

Nimeirudia namba hiyo mara nyingi. Tunapenda kumwambia mwanamke "mimba si ugonjwa", na kweli si ugonjwa, lakini mwili wake unafanya kazi karibu na ukomo wa wakimbiaji wale, bila siku hata moja ya mapumziko. Anayebeba ndoo asubuhi, kisha akasimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo akiwa na mimba kubwa, hana pa kubana tena. Anachohitaji ni chakula cha kutosha, kiti, na mtu wa kumpokea ile ndoo.