Kazi ya Kubonyeza Tu

Hajasalimia, hajakaa, ameninyooshea simu usoni. "Bosi, mbona huku mtandaoni tiketi ya ndege ni laki nane na nusu, na wewe unaniambia milioni moja na laki mbili? Hii laki tatu na nusu ni ya nani?"

Ya nani! Jamani.

Navaa miwani, nasoma. Hiyo ya laki nane na nusu haina begi la kupakia, ni wewe na mkoba wako wa mgongoni. Kuna uwanja utakaa saa kumi na tisa kwenye viti vya chuma. Halafu siyo tiketi moja, ni mbili zilizoungwaungwa na mtandao: unashuka Heathrow, unatoka nje, unavuka mji kwenda Stansted kupanda ndege ya kampuni nyingine isiyokujua wala kukusubiri. Na ili utoke nje ya Heathrow unatakiwa viza ya Uingereza, wakati wewe uliyonayo ni ya semina ya wiki mbili Poland. Namweleza yote hayo taratibu, kwa mdomo huu huu, bure. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anasikitika kabisa. Kisha anasema, "Sawa, nimekuelewa. Lakini si ungepunguza hata kidogo?"

Ndiyo kazi yangu hiyo. Nakata watu tiketi za ndege hapa Dodoma mjini, fremu iko Uhindini, kodi miezi sita sita. Mlangoni nimeandika Wakala wa Safari, nikalipa fundi akachora na ndege inayopaa. Haikusaidia. Wengi wanaoingia wanaulizia kitu kimoja: "Mnatoa?" Maana yao hela ya kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa nakasirika, natoka nao nje nawaonyesha ile ndege. Siku hizi nimeweka floti. Ndege imebaki mlangoni kama pambo, Luku inalipwa na watu wanaotoa elfu kumi kumi.

Zamani, na hiyo zamani mimi niliidaka mkiani, mashirika ya ndege yenyewe ndiyo yalikuwa yanamlipa wakala. Ukiuza tiketi unakata asilimia yako juu kwa juu, mteja hajui wala haumii, mnaagana kwa kupeana mikono. Wamarekani ndio walioharibu. Mwaka 1995 Delta wakasema tiketi ya kwenda na kurudi ndani ya nchi yao, kamisheni mwisho dola 50, hata mteja awe amelipa hela ya kununua trekta. Wenzao wakafuata, na kufikia 2002 makampuni makubwa ya kule yalikuwa yameifuta kabisa ile kamisheni ya kawaida. Jambo baya likianza kule, halikosi nauli ya kuja huku.

Halafu tarehe 1 Juni 2008 IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wakaizika tiketi ya karatasi. Mnaikumbuka ile? Kijitabu chembamba chenye kaboni, ukikifungua vidole vinachafuka. Mtu akikitia mfuko wa shati kinachungulia, na mtaa mzima unajua huyu anasafiri. Hela yake ilikuwa inaonekana. Leo nampa mtu karatasi ya A4 niliyoprinti kwa wino unaoishia, juu ina herufi na namba sita. Mzee mmoja kutoka Kongwa aliigeuza nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Ndiyo hii tu?"

Ndiyo hiyo tu, mzee wangu.

"Milioni mbili?"

Na kwa kuwa kamisheni imebaki jina, inabidi nitoze ada yangu ya huduma juu ya nauli. Elfu thelathini. Hapo ndipo watu wazima wanapogeuka mawakili. "Huduma gani? Si umebonyeza tu?" Sawa, nimebonyeza. Daktari naye anakuandikia mstari mmoja usiosomeka, unalipa, unashukuru na kumwombea kwa Mungu. Mimi nikibonyeza, nimekuibia. Na hata hiyo tiketi siitoi mimi! Kupata namba ya IATA ni habari za dhamana ya benki na mahesabu ya kueleweka. Sisi wadogo tunachukua kwa wakubwa wa Dar, wao wanakula kwanza, sisi tunaramba sufuria.

Ndugu zangu huwa wananifariji: "Lakini wewe una bahati, uko makao makuu, waheshimiwa wote wako hapo." Eeh, nina bahati. Novemba 2015 Rais Magufuli anaingia tu, anapiga stop safari za nje za watumishi wa serikali. Julai 2016 anatangaza serikali yote inahamia Dodoma. Yaani wateja wakubwa wa ndege wa nchi nzima walisombwa kuletwa mlangoni kwangu, wakiwa wameshakatazwa kusafiri. Nikawa nawaona kila siku wakipita na suti zao kwenda ofisi za serikali Mtumba. Kwa daladala.

Mambo yalipolegea, nikaanza kupumua na safari za Dar. Mheshimiwa ana kikao asubuhi, anakata ndege, anarudi jioni. Likaja treni. Julai 2024 SGR ikafika Dodoma, tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi, na nauli ya daraja la kawaida ikawa elfu thelathini na moja. Thelathini na moja! Yaani mtu anatoka Dodoma hadi Dar, kilomita 160 kwa saa, kwa hela inayozidi ada yangu ya kubonyeza kwa buku moja. Na tiketi anakata mwenyewe, kitandani, kwa simu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siwezi hata kuisema vibaya. Nami naipanda. Ni nzuri, inanyamaza, unafika shati halijakunjamana. Nakaa pale dirishani nikitazama Gulwe inavyopita na najua kabisa nimekalia mkate wangu mwenyewe.

Tukaambiwa tusubiri uwanja wa kimataifa wa Msalato, ndege kubwa zitakuja. Ujenzi ulipoanza tu, mwenye fremu akapandisha kodi. Ndege hata moja ilikuwa haijatua, yeye ameshazitoza.

Lakini bei siyo kinachonitoa roho. Ni saa. Kompyuta za ndege zinaandika 03:30. Kuna mama mmoja wa Ipagala alikuwa anakwenda Uturuki kwenye mahafali ya bintiye. Nikamwelekeza vizuri, nikachukua kalamu, nikaandika kando: saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi, uwanjani saa sita usiku. Nikazungushia duara, nikapiga na mstari. Mama akaipeleka karatasi nyumbani, akampa kijana wake msomi aikague. Msomi akaitazama, akasema, "Mama, huyu wakala kachanganya. Hii ni saa tatu na nusu."

Wakashuka Dar Jumatano, wakalala Mbagala kwa shangazi, wakala wali. Alhamisi alfajiri saa kumi na mbili wako Uwanja wa Nyerere, wamewahi kweli kweli, mama na kitenge chake kipya, shangazi, wajukuu, na mchungaji wa kuombea safari. Wakati huo ndege iko angani Ethiopia huko na kiti chake kitupu. Nani akapigiwa simu? Msomi yuko pale pale kasimama, lakini nikapigiwa mimi. Na shangazi, ambaye sijawahi kumwona maishani, akaninyang'anya hata nafasi ya kusema shikamoo: "Kwa nini umempangia mgonjwa wa miguu ndege ya wachawi?"

Bado sijazungumzia ile ya dakika kumi na tano baada ya saa sita usiku. Hiyo ikiandikwa Jumatatu, watu wanaondoka Dodoma Jumatatu. Nimeshachoka kuandika. Siku hizi ndege za namna hiyo namwambia mteja, "Jumapili ukishamaliza chakula cha usiku, usilale." Anayeuliza kwa nini namjibu ni masharti.

Sasa dada yangu wa Mpwapwa kaniletea mwanawe. Kijana kamaliza kidato cha sita, anataka kusomea utalii na usafirishaji, na mama yake anaamini mimi nipo angani kila wiki. Ndege naijua kwenye kioo cha kompyuta! Basi nikamwambia kijana, kaa hapo kwenye benchi, uone mwenyewe kama hii kazi bado ina maslahi.

Ni kijana wa kusoma sana. Siku moja akainua kichwa kwenye simu: "Anko, kumbe hii kazi aliianzisha Mwingereza, Thomas Cook, mwaka 1841. Alikodi treni akawapeleka watu kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Shilingi moja kila mtu."

Nikamwambia, mpwa wangu, hapa ni mji wa zabibu. Ukiandaa safari ya kwenda kuacha pombe, basi litaondoka na dereva peke yake.

"Na kampuni yenyewe ikafa Septemba 2019," akaendelea. "Waingereza kama laki moja na nusu wakakwama nje, serikali ikaenda kuwarudisha."

Hapo nikanyamaza kidogo. Nikajiuliza, walipokwama walimpigia simu nani? Maana mimi nina uzoefu. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga, waliokata tiketi kwenye mitandao waliandikiana barua pepe na mashine. Waliokata kwangu walikuja kukaa kwenye kiti changu. Asubuhi wapo, mchana wapo, mmoja alikuwa anakuja na chai yake kwenye chupa. Hela ya kurudishiwa haiko kwangu, iko kwa shirika, shirika linasema subirini, nami ndiye mwenye sura. Kuna mzee wa Umra alikuwa ananiamkia na ni mkubwa kwa baba yangu, ili tu nione aibu. Walirudishiwa, wengine baada ya miezi mingi. Na hao hao ndio wateja nilionao mpaka leo. Wa Umra, wagonjwa wanaokwenda India, wafanyabiashara wa Guangzhou, wazazi wanaokwenda kuangalia wajukuu Marekani na hawajawahi hata kupanda ngazi za umeme. Hawanunui tiketi. Wananunua mtu wa kumfokea, mwenye fremu inayojulikana ilipo. Kwa elfu thelathini, tena baada ya kuomba wapunguziwe.

Nikiwaza hivyo naona kazi ipo. Tena inaongezeka, kwa sababu kila mtu akijikatia mwenyewe, wanaoharibu wanaongezeka. Tatizo ni kwamba kwa huyu anayeharibikiwa hakuna bei iliyobandikwa ukutani, na mimi nina sura ya huruma, kosa la wazazi wangu hilo.

Kijana alikaa mpaka mwisho wa mwezi. Nikamuuliza, umeamuaje? Akasema, "Anko, naona nisomee unesi."

Unesi? Kwa nini?

"Nao wanaamshwa usiku, ila wao wana zamu."

Nilitaka kumjibu, lakini akaingia mpiga picha. Hawa sijawaeleza. Mpiga picha ni mtumishi mstaarabu, anakuja amevaa vizuri, anakuita kaka, anaomba umpangie safari nzima: atokee wapi, aunganishe wapi, alale wapi, tarehe gani nauli inashuka. Unahangaika nusu saa. Ukimaliza anainua simu, anapiga picha kioo cha kompyuta yako, anasema "ngoja nikashauriane na mama watoto," na anakwenda kununua mwenyewe mtandaoni.

Huyu wa siku hiyo alikuwa ameshanunua. Tiketi imetoka na jina la babu mahali pa jina lake, na jina lake halipo kabisa. Pasipoti inasema vingine. Nikamwambia, kaka, tiketi iliyokatwa kwangu naweza kuhangaika nayo, hii ni ya mtandao wa watu, siwezi kuigusa, inabidi wapigiwe wao. Akasema yeye Kiingereza cha simu kinamkimbia. Basi nikapiga mimi, kwa vocha yangu. Nikawekewa muziki. Muziki ukapigwa, mwanamke akaniambia simu yangu ni ya muhimu sana kwao, ukapigwa tena. Watu wakaja kutoa hela, mpwa akawahudumia. Adhana ikapita, muziki bado. Jua likishazama akapatikana binti mmoja, nikamtajia jina herufi kwa herufi, akarekebisha.

Nikamwambia mteja: elfu hamsini. Nilijikaza, sikumtazama usoni. Ajabu, hakubishana. Akahesabu noti tano, akaziweka mezani, akakunja karatasi yake mpya na kuitia mfukoni.

"Kaka, Mungu akubariki sana," akasema akiwa mlangoni. "Sasa ukipata nafasi nipangie na ya mke wangu. Kesho nitapita kupiga picha."