Yatima Si Mapambo ya Fomu ya Chuo

Juzi kwenye kundi la wazazi WhatsApp likarushwa tangazo. Wakala mmoja wa vyuo vya nje anauza kifurushi cha "kujitolea": Jumamosi moja kwenye kituo cha watoto yatima, mpiga picha yupo, fulana ipo, cheti kipo. Ukiongeza hela, mwanao anafunguliwa kataasisi kake, awe mwanzilishi na mwenyekiti akiwa kidato cha tano. Wazazi wakaanza kuulizia bei. Hakuna aliyeuliza hao yatima wanaambulia nini. Soda, nadhani.

Chanzo chake nakijua. Vyuo vikubwa vya Marekani havitazami alama peke yake. Fomu ya Common App, ile ya kuombea vyuo vingi vya huko kwa mpigo, ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa, kila moja uieleze kwa herufi zisizozidi 150. Mzazi wa Masaki akiona nafasi kumi tupu anapagawa kama mtu aliyehamia nyumba isiyo na samani. Mbio dukani.

Wenye mchezo wao walishavuka mpaka zamani. Mwaka 2019 Wamarekani walimuumbua Rick Singer, aliyekuwa akiwapachika watoto wa matajiri vyuoni kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Mwigizaji Lori Loughlin na mumewe walitoa dola 500,000 ili mabinti zao wawili waingie chuo kikuu cha USC, California, kama wapiga makasia. Makasia! Picha za ushahidi zilipigwa kwenye mashine ya mazoezi. Mke na mume wote wakaonja jela. Wakala wetu hajafika huko, ila mpiga picha tayari anaye.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Mtaani kwetu kuna binti wa kidato cha sita. Saa kumi alfajiri yuko jikoni na mama yake wanachoma vitumbua, kisha anawaandaa wadogo zake waende shule, na daftari la wadaiwa analishika yeye. Mama mtu hathubutu kumkopesha mteja bila kumuuliza. Alikuja nimsaidie kujaza fomu ya chuo cha nje, na kwenye sehemu ya shughuli ameandika: "Hakuna."

Hakuna? Fomu hiyo hiyo ya Common App, kwenye orodha ya aina za shughuli, ina majukumu ya kifamilia na ina kazi ya kulipwa. Ziko pale pale pamoja na mdahalo na kwaya. Tena mwaka 2016 mradi mmoja wa kitivo cha elimu cha Harvard ulitoa ripoti ukivitaka vyuo vithamini mchango wa mtoto nyumbani kwao, siyo misafara ya huruma ya kununua. Kwa nini wakala halisemi hili? Kwa sababu vitumbua vya mama wa watu hana namna ya kuvitia kwenye kifurushi.

Simaanishi kwamba uwanja umelala sawa. Mwaka 2023 wachumi wa Harvard na Brown walionyesha kuwa kwa alama zile zile za mtihani, mtoto wa asilimia moja ya matajiri wa juu ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati kuingia vyuo vile vya majina. Sababu mojawapo ni hizo hizo sifa za nje ya darasa.

Haya, shingo upande nakiri: mfumo wetu wa ufaulu mtupu nao hauna huruma. Mtoto anang'ara UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hadi ngazi ya taifa, udahili ukifika anaulizwa masomo mawili ya tahasusi tu. Lakini angalau hakuna anayemdai picha akiwa amempakata mtoto wa mwenzake.

Walimu wa shule za kata, barua za mapendekezo mnaziandika ninyi. Acheni hiyo ya "ni mwanafunzi mtiifu na mwenye nidhamu", kila mtoto anaandikiwa hiyo. Mnajua fika nani anachelewa namba kila Jumatatu, na mnajua alikuwa akimwogesha bibi yake. Liandikeni hilo.