Mkia wa Kipanya

Nahodha ni paka wetu hapa Langoni, Lamu, na kazi yake rasmi ni kulinda gunia la mchele. Miaka minne sasa hajaleta hata sikio la panya. "Huyu akimwona panya humwamkia," mama husema.

Mimi nilikuwa na shida yangu nyingine kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nacheza Apex Legends, gemu ya kompyuta ya vikosi kupigana risasi, kwa shabaha ya kuku: kudonoa tu. Adui akisimama, nampata. Akitembea, risasi zote zinapiga pale alipokuwa. Na gemu ile haitaki kudonoa, maana adui ana ngao juu ya uhai wake, hafi kwa risasi mbili tatu. Lazima umwandame, kialama cha kulengea kimkae kifuani mpaka aanguke.

Ugonjwa niliujua siku nilipoazima tepu ya cherehani ya mama. Ndani ya gemu lenga kitu kisichosogea, usukume kipanya cha kompyuta kwa mstari mpaka uzunguke mzima na kurudi palepale, kisha upime. Changu kilitumia sentimita 9 pungufu kidogo! DPI, yaani hatua ambazo kipanya huhesabu kwa kila inchi, 1600; sensitiviti, yaani kasi ya kugeuka unayoiweka ndani ya gemu, 3. Kwa Apex hesabu ni hii: zidisha 0.022 kwa sensitiviti kwa DPI, gawa 360 kwa jibu hilo, unapata inchi. Kwa kipimo changu, kidole kikitetemeka milimita moja tu, shabaha imehama digrii nne. Nikashusha hadi DPI 800 na sensitiviti 1.5, mzunguko ukawa kama sentimita 35, na milimita moja ikawa digrii moja. Nikaondoa pia ile tiki ya Windows inayoharakisha mshale kadiri mkono unavyokwenda kasi. Gemu nyingi siku hizi husoma kipanya moja kwa moja bila kuijali, lakini moyo wangu ulitulia.

Sentimita 35 zinataka uwanja. Meza yetu ina kioo juu, na kipanya changu hakioni kioo: tumboni kina kamera ndogo inayopiga picha maelfu kwa sekunde na kulinganisha vijidoa vya mahali kinapopita. Kioo kisafi hakina vijidoa. Nikaomba kwa ami yangu kipande cha kitambaa cha tanga. Baharini ni mali, mezani ni msasa; vile vipande laini vilivyobandikwa chini ya kipanya vikaanza kulika. Mwisho nikaagiza padi ya kitambaa ya kutembezea kipanya, sentimita 90 kwa 40, ikavuka na boti kutoka Mokowe. Kusi ikivuma padi hiyo hunyonya unyevu na jasho, kipanya kikawa kizito kama kimepakwa asali. Huifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kuikamua, na kuianika kivulini. Mkononi navaa soksi ndefu iliyokatwa vidole, kigasha kisigande. Mama aliuliza kama nimeteguka.

Mazoezi yenyewe ni dakika 20 kwa siku katika Aim Lab, programu ya kujifunza kulenga. Unaanza na shabaha kubwa inayokwenda polepole, unaiandama bila kufyatua, mkono ukisogea kutoka kiwikoni na kifundo kikirekebisha tu. Kialama kikitetemeka juu ya shabaha, umekibana kipanya mno. Tazama kiganja, utakuta alama. Kikibaki nyuma daima, macho yako yanatazama kialama badala ya kumtazama adui. Shabaha inayogeuka ghafla usiibahatishe. Igeuke kwanza, ndipo nawe ugeuke.

Sasa fikiria mambo haya yote kwa jicho la paka. Zamani kipanya changu kilikuwa kikitikisika sentimita mbili tatu, kama mzee anayesinzia. Sasa kinasafiri nusu ya meza, kinapunguza mwendo, kinageuka, na nyuma yake waya mweusi unaburuzika kama mkia. Nahodha akaanza kuja kuketi pembeni kila jioni. Nilidhani anapenda feni. Na niseme kweli, nilimwonea wivu: shingo imetulia, mwili umelegea, macho kwenye mkia wala si kwenye kucha zake. Ndicho hasa nilichokuwa nikijifundisha wiki tatu.

Ijumaa usiku, uwanja wa gemu umebana hadi duara la mwisho, vikosi viwili vimebaki. Binamu yangu wa Malindi kaanguka, rafiki wa Mombasa kaanguka, nimebaki mimi na adui mmoja asiye na ngao. Akakimbia kushoto, nikamwandama. Akageuka, nikageuka naye. Kwa mara ya kwanza maishani kialama kimemganda kama kupe.

Nahodha akaruka.

Alitua na miguu minne juu ya waya na kukiburuta kipanya sentimita 17 upande wa kulia. Hesabu unayo: nusu mzunguko. Nikajikuta nimempa adui mgongo, naumiminia ukuta risasi, maana meno ya Nahodha yalikuwa kwenye kitufe cha kushoto.

"Una nini wewe?" binamu akapiga kelele masikioni.

"Paka kakamata kipanya!"

Jikoni sufuria ikaanguka. "Alhamdulillahi!" Mama akaja mbio na changu wa kukaanga mkononi. "Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Panya!"

"Si panya, mama, ni kipanya."

"Hata mdogo ni panya. Ndoo, baba, ndoo!" Ile "ndoo" ya Kiamu, yaani njoo, si ya maji. Nahodha akashuka na heshima zake, akala changu mzima mbele yangu.

Kesho yake kialama kikawa kinarukaruka chenyewe hata nisipogusa kitu. Nilibadilisha mipangilio saa nzima kabla ya kukipindua kipanya: unywele mmoja wa paka umekaa mbele ya lenzi. Pamba ya masikio yenye tone la spiriti ikautoa. Waya nao nimeuinua kwa henga ya nguo iliyokunjwa, umelegea kiasi cha kufika pembe zote za padi bila kugusa meza.

Nahodha hajali. Kiti kikilia tu, yuko pembeni. Jana gunia la mchele limetobolewa tena, na mama amekuja kumtafuta mlinzi wake. Amemkuta mezani kwangu, anatazama kipanya, anangoja changu.