Anayeanza shule leo atastaafu lini?

Chukua mtoto anayeingia darasa la kwanza mwaka 2026 akiwa na miaka 6. Akijaliwa uzima na kufanya kazi hadi miaka 60, atastaafu mwaka 2080. Huyo ndiye tunayempangia. Sasa mtazame anayepanga: waziri asiyejua kama mwakani atakuwa bado ofisini, naye angependa kuacha alama kabla ya uchaguzi. Mageuzi mengi ya elimu huharibikia hapo, hata mtaala haujaandikwa.

Alama iliyo rahisi kuacha ni jina. Mfumo unapewa jina jipya, miaka ya kila ngazi inapangwa upya, mtihani mmoja unafutwa na mwingine unaletwa, vitabu vinachapwa tena. Mwalimu anaitwa kwenye semina ya siku chache, kisha anarudi darasani na kufundisha vilevile alivyofundishwa yeye. Simlaumu. Angekitoa wapi asichowahi kupewa?

Ufini husifiwa sana, na wanaoisifu hupenda kutaja matokeo tu. Mimi huvutiwa zaidi na kalenda yao. Bunge lilikubali wazo la shule ya aina moja kwa watoto wote mwaka 1963. Sheria ikapita 1968. Utekelezaji ukaanza 1972, tena si mji mkuu: ulianzia Lapland, kaskazini kabisa, ukashuka kusini mwaka hadi mwaka mpaka ukafika eneo la Helsinki 1977. Miaka hiyohiyo mafunzo ya ualimu yakahamishiwa vyuo vikuu, na tangu 1979 hata mwalimu wa madarasa ya chini akatakiwa awe na shahada ya uzamili. Dunia ilikuja kushtuka Desemba 2001, yalipotangazwa matokeo ya kwanza ya mtihani wa kimataifa wa PISA. Kutoka 1963 ni miaka 38. Mawaziri wangapi walipita hapo katikati bila kupigiwa makofi? (Na baada ya 2006 alama zao zimekuwa zikishuka, kwa hiyo hata wao hawakumaliza kazi.)

Hicho cha kuanzia pembezoni ndicho kinachonigusa kuliko vyote. Kwetu jambo jipya hujaribiwa kwanza mjini, kwenye shule ambazo zingefaulu kwa mfumo wowote, halafu ripoti inaandikwa kwamba jaribio limefana.

Tazama Kenya. Mtaala wa umilisi (CBC), unaopima kile mtoto anachoweza kufanya, ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2019, watoto wa kundi la kwanza walikuwa gredi ya 3. Walijulikana, na ilijulikana pia kwamba siku moja watafika gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya chini. Bado swali la wakasomee wapi, shule ya msingi au ya sekondari, lilipatiwa jibu Desemba 2022, na masomo yakaanza Januari 2023. Wiki chache! Hapo sibishani na mtaala wenyewe, una mengi mazuri. Nabishana na hesabu ambayo mzazi yeyote angeweza kuifanya kwa vidole.

Najua jibu litakalokuja: mtoto aliye nje ya shule leo hawezi kungoja miaka 38. Kweli. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe shuleni ifikapo 1977, na walimu hawakutosha, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba waanze kufundisha huku wenyewe wakijifunza ualimu. Wakaitwa walimu wa UPE (kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote), jina ambalo baadaye lilitamkwa kwa kebehi. Kebehi hiyo siipendi. Walifungua mlango, na wengi wetu wazazi wetu walipitia hapo. Lakini haraka ya namna ile ni ya dharura, na dharura haiwezi kuwa mtindo wa kila awamu.

Ningepewa nafasi ya kuandika kifungu kimoja tu cha sheria ya elimu, kingekuwa hiki: mtaala mpya usiingie darasani kabla kundi zima la walimu halijahitimu chuoni likiwa limeandaliwa kwa mtaala huo. Ni miaka miwili, mitatu, pengine minne. Waziri atalalamika kwamba wakati huo hatakuwepo kukata utepe. Ni kweli, hatakuwepo.