Kampuni Moja, Kofia Mbili

Nyumba ya urithi ikivuja haina mwenyewe. Itajwe bei tu, wenyewe wanatokea mpaka Muscat. Ya kwetu ipo Mji Mkongwe, Bagamoyo, uchochoro mmoja kutoka Mtaa wa India: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita, na mlango wa nakshi ambao watalii huupiga picha na sisi huusukuma kwa bega. Baba Mdogo huapa kwamba ni kongwe kuliko Boma la Mjerumani, la mwaka 1897. Sijawahi kukutana na mtu wa Mji Mkongwe ambaye nyumba ya babu yake si kongwe kuliko Boma, kwa hiyo tuendelee.

Masika yaliyopita lipu ya chumbani kwa Mama ilidondoka usiku, yote kwa mpigo, ikamkosa kwa shibiri. Asubuhi kaka aliyeko Dar akaandika kwenye kundi la familia: safari hii hatutaki mchora ramani huku na fundi kule. Tutafute kampuni ya sanifu na jenga. Anayechora ndiye anayejenga, mkataba mmoja, bei moja, na kikiharibika kitu tunajua shati la nani la kukamata.

Hakuna aliyembishia, maana wote tumeshaingia choo cha Shangazi kule Magomeni. Choo kile kilichorwa na mtu mmoja kikajengwa na mwingine. Mlango unafungukia ndani na unagota kwenye sinki kabla hujapita, kwa hiyo unaingia kinyumenyume, unajibana ukutani, unaurudisha mlango, ndipo unageuka. Mgeni mnene huombewa kwa jirani. Mchoraji anasema fundi alikibana chumba, fundi anasema kajenga alichokuta kwenye karatasi. Shangazi aliwapeleka wote wawili kwa mwenyekiti, na kila mmoja akaja na shahidi wake. Mpaka leo tunaingia kinyumenyume.

Ikaundwa kamati ya kuchagua kampuni: Mama, Shangazi, Baba Mdogo, na kaka kwa njia ya simu. Mimi ni kitinda mimba, na ndiye ninayeishi humo ndani. Nikapewa chai.

Wa kwanza kuja walikuwa binti mmoja msanifu majengo, mwenye kampuni yake changa, na mzee fundi wa chokaa anayefanya naye kazi. Mzee hakukaa kwenye kiti. Alitoa msumari mfukoni, akakwangua ukuta pale lipu ilipobanduka, akachota vumbi kwa kidole, akalitia ulimini.

"Chumvi," akasema.

Shangazi akanivuta uani. "Huyu anaanza kuila nyumba hata hajalipwa!"

Mzee akauliza nani aliyepiga saruji juu ya chokaa. Baba Mdogo akaangalia dari. Ukuta wa namna hii, mzee akaeleza bila haraka, unanywa maji na kuyatoa. Ukiuvika saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajazana nyuma ya lipu, na siku ya siku lipu inashuka na ngozi ya ukuta. Dawa ni kuibandua yote na kurudishia chokaa iliyozimwa na kulowekwa wiki kadhaa. Neno hilo la wiki halikuipendeza kamati.

Binti naye alikuwa akipita chumba kwa chumba na utepe wake. Akamuuliza Baba Mdogo, "Shikamoo tena mzee wangu. Huu ukuta wa kusini ni wenu peke yenu, au mnachangia na jirani?"

"Sisi na jirani ni ndugu," akajibu Baba Mdogo.

Binti akaandika alama ya kuuliza, kubwa, nikaiona. Halafu akatuuliza kama kweli tunataka kuvunja ukuta wa katikati ili jiko na sebule viwe kitu kimoja, kama alivyoandika kaka. Akatuonyesha boriti juu. Vyumba hivi, alisema, havikuwa vyembamba kwa ubahili wa babu yenu. Boriti ya mkoko iliyo nene ya kubeba dari kwa kawaida haifiki mita tatu, basi chumba kilifuata mti. Ukiuondoa ukuta, boriti zitalala wapi?

Kamati ilinyamaza kama darasa lililoulizwa nani hajaleta ada.

Kilichowaponza ni bei. Hawakuwa nayo. Binti alisema kwanza tulipie upimaji na uchunguzi, wafukue sehemu mbili tatu waone ndani kukoje, ndipo wachore, ndipo watoe bei ya kuchora na kujenga kwa pamoja. Na tusisahau kibali, maana hapa Mji Mkongwe ukishatoka halmashauri, watu wa Mambo ya Kale nao lazima waione michoro. Baba Mdogo akashusha kikombe. "Pesa ya kuangalia? Macho si yao wenyewe?" Wakaagwa vizuri, kwa heshima zote, na kashata za njiani.

Wa pili sina mengi ya kumsema, hakushuka garini. Uchochoro haukulienea gari lake, akapiga simu kutoka barabarani, akauliza vyumba vingapi, akataja bei. Kaka alitaka tumchukue huyohuyo.

Wa tatu alitoka Dar. Buti za njano, kofia ngumu nyeupe, kompyuta mpakato chini ya kwapa. Nikamuuliza, birika mkononi, kama kasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Akachomoa kivuli cha cheti kilichovalishwa plastiki. Kasajiliwa kweli, daraja la saba. Nikasoma mpaka chini: kazi za barabara na mitaro.

"Hiki si cha majumba," nikasema.

"Kwani korido si njia?" Baba Mdogo akamtetea.

"Mzee kanielewa," akasema mkandarasi, akafungua kompyuta.

Jamani, ile picha! Haikuwa picha, ilikuwa sinema, unatembezwa ndani ya nyumba yako na hujainuka mkekani. Jiko na sebule vimeungana, sakafu inang'aa unaweza kujipakia wanja, sofa nyeupe, bakuli la ndimu ambazo hakuna aliyezikamua. Kwenye sofa kakaa mzungu peku, anasoma, na paka pembeni.

"Na huyu naye tumemrithi?" akauliza Mama.

"Huyo wa kuonyeshea ukubwa wa chumba tu, mama."

Sinema ikageuka taratibu upande wa kusini. Hapo palikuwa na dirisha la kioo, kutoka pembe hadi pembe, na nje yake bahari. Samawati, na jahazi limetanua tanga. Shangazi akashika kifua. "Kumbe bahari ilikuwa huku, na sisi miaka yote tunaifuata kule chini!"

Bagamoyo bahari iko mashariki. Nikawakumbusha. Kusini kwetu kuna ukuta, na baada ya ukuta kuna Bi Mkubwa jirani, na baada ya Bi Mkubwa kuna banda lake la kuku. Mkandarasi akanitazama kwa huruma. "Mandhari hurekebishwa baadaye, dogo." Nikaambiwa nimimine chai. Kura zikapigwa palepale, ya kwangu haikuhesabiwa, kaka akatuma malipo ya awali kwa simu kabla Mama hajamaliza kuuliza kama paka anabaki. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, kuchora na kujenga, bei moja, na kwa chini: kibali kimo ndani ya bei.

Kazi ilianza Alhamisi, kwa dirisha. Msimamizi alisema kioo kimeshaagizwa, na kioo hakisubiri. Kutwa nzima vijana waliugonga ule ukuta kwa nyundo na patasi, na kila mmoja wao alishaonyeshwa ile sinema kwenye simu. Saidia fundi mmoja, kijana wa bara aliyekuwa hajawahi kuiona bahari kwa macho, alijitolea kushika nyundo hata zamu yake ilipokwisha. Alitaka awe wa kwanza.

Sasa, Alhamisi alasiri kwa Bi Mkubwa ni siku ya kikoba. Akina mama wanakaa duara kwenye mkeka, sanduku la bati katikati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiopatana sana, ndio usalama wenyewe. Walizisikia nyundo tangu asubuhi. Bi Mkubwa aliniambia baadaye kwamba walidhani ni watu wa barabara. Hakukosea sana.

Kufuli ya tatu ilikuwa imetoka kufunguliwa. Jiwe la kwanza lilitua kwenye sinia la visheti. Likafuata vumbi la chokaa, miaka mia na ushei ya vumbi, chumba chote kikawa cheupe, na vumbi lilipoanza kutulia, ukutani palikuwa na kichwa. Kichwa kitupu, cheupe kuanzia nywele mpaka kidevu, kinapepesa macho. Mama mmoja akaanza Ayatul Kursi. Mweka hazina akakalia sanduku.

Kichwa kikaangalia kulia. Kikaangalia kushoto. Kikawatazama wale akina mama mmoja mmoja, na vitita vyao vya noti mapajani.

"Samahani mama," kikasema. "Bahari iko wapi?"

"Njoo nikuonyeshe!" akasema mweka hazina, na kandambili ikaruka.

Kijana akachomoa kichwa. Msimamizi, aliyesikia zogo lakini hakusikia maneno, akaja kukagua mandhari mwenyewe, akaingiza kichwa chake tundu lilelile. Huyo alipokea jiwe lao, lililorudishwa lilikotoka. Kofia ngumu ilimwokoa, na ndiyo kazi pekee siku ile iliyofanyika kwa kiwango.

Jioni barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Bi Mkubwa na kikoba chake kizima, mwenyekiti, kamati yetu, wapita njia waliojipa ujumbe, na kaka kwenye simu kwa sauti kubwa. Mkandarasi akafika kutoka Dar, kofia kichwani, akasimama kwenye ngazi.

"Wazee wangu, mimi kama mjenzi nimejenga kilichochorwa. Ramani inaonyesha dirisha pale. Kosa ni la mchoraji."

Kaka akang'aka kwenye simu: mchoraji nani?

Mkandarasi akavua kofia, akaikumbatia kifuani. Mimi sijui kama alijua anachokifanya. "Kama mbunifu," akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya chini, ya mtu aliyesoma, "mimi nilichora wazo tu. Mjenzi makini angepima kwanza akajua ng'ambo kuna nini."

"Mjenzi nani?" akauliza mwenyekiti.

Akavaa kofia. "Mjenzi hakupewa vipimo."

Akavua. "Hakuviomba."

Nakuapia walibishana vile kwa muda, yule mwenye kofia na yule asiye na kofia, na yule asiye na kofia alikuwa na hoja nzito zaidi. Shangazi alikuwa akiwaangalia kwa zamu. Mwisho akaninong'oneza, "Afadhali wa choo changu. Wale angalau walikuwa wawili kweli."

Kesho yake wakaja watu wa Mambo ya Kale. Hawakupiga kelele. Waliliangalia tundu, wakaangalia ukuta wa katikati uliokwisha kuchorwa msalaba mwekundu wa kuvunjwa, wakauliza kibali. Baba Mdogo akawaambia kimo ndani ya bei. "Na bei imo ndani ya nini?" akauliza mmoja wao, akaandika karatasi ya kusimamisha kazi akiwa amesimama.

Ikabidi nimpigie binti. Alikuja na mzee wake, wakaweka mirunda ya kushikilia boriti kabla hawajasema hata neno, kisha wakatupa bei ya kuangalia, ileile, na safari hii Baba Mdogo ndiye aliyeihesabu. Mzee alipita kwa Bi Mkubwa, akakwangua upande wa pili wa ukuta, akalamba. "Huku kuna nafuu," akasema, na Bi Mkubwa amekuwa akijivuna kwa hilo tangu siku ile, hata sokoni.

Tundu lenyewe halijazibwa. Chokaa bado iko kwenye pipa inalowekwa, na kwa sasa Mama anapitishiwa uji pale asubuhi, na Shangazi amejiunga na kikoba bila kutoka nje ya nyumba, anaingiza mkono na hisa zake anarudishiwa daftari. Ndivyo nilivyowakuta juzi, Shangazi upande wetu na mweka hazina upande wao, wakati simu ya familia ilipolia. Ilikuwa ankara kutoka kwa mkandarasi. Nikaisoma kwa sauti: kutoboa dirisha moja upande wa kusini, lenye mandhari, kazi imekamilika kwa asilimia mia, salio lilipwe.

Baba Mdogo akafikiri kidogo, akasema kwa haki nusu ya dirisha iko kwa jirani, basi jirani naye achangie nusu.

Mweka hazina akainama akatutazama kupitia tunduni. "Mwambieni pesa zipo," akasema. "Aje achukue Alhamisi. Ila aje bila kofia."